Bomba Jipya la Latifu

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Latifu aliosha pikipiki yake. Aliosha magurudumu na taa, kisha akapangusa kiti kwa kitambaa kikavu. Mkewe, Mahoro, alikuwa akimtazama kutoka mlangoni.

"Mimi sijapanguswa hivyo tangu siku ya harusi," alisema.

"Wewe hulali nje na vumbi," Latifu alijibu.

Waliishi Kamembe. Latifu alibeba abiria. Aliwapeleka watu sokoni na hospitali ya Gihundwe. Siku nyingine alifika hadi Muganza na wafanyakazi wa kiwanda cha simenti. Pikipiki hiyo ndiyo iliyowalisha.

Ilikuwa pikipiki nzuri, tena tulivu. Utulivu huo ndio uliomletea Latifu maneno kwenye kituo cha pikipiki.

"Latifu, yako inanong'ona kama bibi harusi!" Gisa alimcheka. Gisa alikuwa dereva mwenzake. Pikipiki yake ilikuwa na bomba jipya la moshi, na ilisikika mitaa mitatu kabla haijaonekana. "Abiria watajuaje kama umefika? Uko nabeba bantu ao uko naiba?"

Wenzake walicheka. Latifu alicheka pia, lakini moyo ulimuuma.

Basi akanunua bomba. Lilikuwa fupi, la kung'aa, nalo liliinuka juu kwa nyuma. Halikutengenezwa kwa pikipiki ya aina yake. Tundu la boliti halikulingana na tundu la fremu. Gisa akachukua waya akalifunga.

"Na hili bati?" Latifu aliuliza. Alishika bati la kukinga miguu, lililokuwa juu ya bomba la zamani.

"Haliingii," alisema Gisa. "Halafu litaficha ung'avu wote. Umenunua uzuri ili uufunike?"

Latifu aliweka bati na bomba la zamani ndani ya gunia. Akawasha pikipiki. Ikanguruma. Kuku wa jirani walikimbia, na Latifu alijisikia mtu mkubwa.

Mama yake Mahoro aliishi Giheke. Watu walimwita Maman Mahoro. Alilima ndizi na viazi vitamu, na siku za soko alikuja Kamembe kuuza. Baada ya soko, Latifu alimrudisha nyumbani. Hakumtoza nauli. Alimheshimu sana. Alipozungumza naye, aliinamisha macho, kama inavyompasa mkwe. Naye Maman Mahoro alimwita Papa, yaani baba, kwa heshima.

Siku hiyo Maman Mahoro alipanda akiwa amevaa kitenge chake cha kijani. Aliweka miguu huku na huku, akashika kiti kwa nyuma.

"Leo utaona, Maman!" alisema Latifu.

Barabara ya Giheke ina vilima. Injini ilifanya kazi, na bomba likazidi kupata moto. Lilipita karibu kabisa na mahali abiria anapoweka mguu wa kulia. Maman Mahoro alihisi joto. Alijaribu kusogeza mguu, lakini hapakuwa na pa kuusogeza.

"Latifu, simama," alisema.

Bomba lilinguruma. Latifu hakusikia.

"Latifu! Simama!"

Alimpiga mgongoni kwa kiganja. Latifu alidhani anaogopa mwendo.

"Shika tu, Maman!" alipiga kelele. "Usiogope!"

Akaongeza mafuta. Pikipiki ilirukia shimo, mguu wa Maman Mahoro ukateleza, na shavu la mguu likabanwa kwenye bomba. Kitenge kilishika moto kidogo, kikazimika, kikagandana na ngozi. Maman Mahoro aliuma ncha ya mtandio wake mpaka walipofika.

"Maman, umesikia inavyonguruma?" Latifu aliuliza, akicheka kwa furaha.

"Nimesikia."

"Leo Giheke yote inajua mkwe wako amefika."

"Ndiyo, Papa. Wote wanajua. Nenda salama."

Alisimama wima uani, akitabasamu, mpaka Latifu alipopotea kwenye kona. Ndipo akaingia ndani na kufunua mguu. Kipande cha ngozi kiliondoka na nguo.

Maji yalikuwa ndani ya ndoo, hatua chache tu kutoka alipokaa. Hakuyatumia. Alichukua dawa ya meno akapaka, kama majirani wanavyofanya wakiungua. Ilipoa kidogo. Kisha ikakauka, ikawa ganda jeupe, na chini ya ganda mguu ukaendelea kuchoma.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Akimwambia Mahoro, Mahoro atamwambia mumewe. Na mwanamke mwenye heshima hampelekei mkwe wake habari za mguu wake. Afadhali aumwe.

Asubuhi iliyofuata, Latifu aliosha pikipiki kama kawaida. Kwenye bomba aliona doa jeusi lililogandana. Alidhani ni mfuko wa plastiki wa barabarani. Alilikwangua kwa kisu, akalisugua mpaka bomba likang'aa tena.

Siku ya soko ilifika. Latifu alipiga simu.

"Maman, nije kukuchukua?"

"Hapana, Papa. Nina kazi shambani."

Soko lililofuata, jibu lilikuwa lile lile. Kisha Latifu akasikia kwa watu kwamba Maman Mahoro hajaonekana shambani. Aliingia nyumbani kwa hasira.

"Mama yako hataki kupanda pikipiki yangu," alimwambia Mahoro. "Ananidharau. Labda alitaka mkwe mwenye gari."

"Mama hajawahi kusema hivyo!"

"Hasemi. Anakaa tu Giheke na kunikimbia. Bantu banauliza nimemkosea nini. Nijibu nini?"

Mahoro aliona aibu kwa ajili ya mama yake, na hakujua kosa ni lipi. Kesho yake alikwenda Giheke mwenyewe.

Alimkuta mama yake amekaa juu ya mkeka, mguu mmoja umenyooshwa na kufunikwa kwa kanga. Nzi walizunguka. Palikuwa na harufu mbaya, na ndani yake harufu ya dawa ya meno.

"Maman, una nini?"

"Nilijikwaa kwenye jembe."

"Jembe linanuka hivi?"

"Mahoro, acha."

Mahoro hakuacha. Alivuta kanga. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kifundoni. Jeraha lilikuwa refu na pana, limeumbwa kama bomba lenyewe. Mahoro alilitazama, akaelewa, akaanza kulia.

"Usimwambie mume wako," mama alisema. "Nakuomba. Nitamtazamaje?"

Mahoro aliita teksi. Walikwenda kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Védastine. Alikuwa mama mnene, mwenye mikono laini na ulimi mkali. Alilowesha ganda la dawa ya meno kwa maji safi yenye dawa, akaliondoa taratibu. Maman Mahoro alishika ukingo wa kitanda.

Mara nje ukasikika mngurumo. Mtoto wa mgonjwa mwingine aliamka akalia. Dirisha lilitetemeka.

"Ni mjinga gani huyo analeta kelele kwa wagonjwa?" Védastine aliuliza.

Mahoro alitazama sakafu.

"Ni mume wangu," alisema.

Védastine alitazama jeraha, kisha dirisha, kisha jeraha tena.

"Maman, mkwe wako anajua?"

Maman Mahoro alitikisa kichwa.

"Nitamwambia mimi," alisema Mahoro. Mama yake alifumba macho. Hakukataa.

Mahoro alitoka nje. Latifu alikuwa amesimama kando ya pikipiki; jirani wa Giheke alikuwa amempigia simu. "Mama anaumwa nini? Kwa nini mnanificha?"

"Ni bomba lako," Mahoro alisema. "Siku ile ulipompeleka. Alikuita, hukusikia. Alikupiga mgongoni, ukaongeza mafuta."

Latifu alikumbuka kiganja mgongoni. Akakumbuka na doa. Lile doa jeusi alilolikwangua kwa kisu halikuwa plastiki. Lilikuwa kitenge cha kijani, na ngozi ya mama mkwe wake. Alikuwa amelisugua asubuhi ile, akipiga mluzi, ili bomba ling'ae.

Alikaa chini, pale pale kwenye changarawe, akafunika uso kwa kofia yake ya pikipiki.

Védastine alitoka akamkuta hivyo. Hakumpa pole.

"Inuka, unisikilize. Na wewe Mahoro, njoo. Mtu akiungua, jambo la kwanza ni maji. Maji safi ya baridi, yanayotiririka, kama dakika ishirini. Kama bomba la maji halipo, mimina kwa jagi, ongeza tena. Vua viatu na vitu vinavyobana kabla mguu haujavimba. Nguo ikigandana na ngozi, usiivute."

"Na dawa ya meno?" Mahoro aliuliza.

"Dawa ya meno ni ya meno! Usipake hiyo, wala mafuta, wala yai, wala udongo. Vinafungia joto ndani na kuleta uchafu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, njoo kituoni siku hiyo hiyo. Mama huyu angekuja siku ile, leo angekuwa sokoni."

"Atapona?" Latifu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Akija kubadilishiwa bendeji na kumeza dawa zote, atapona. Kovu litabaki. Sasa sukuma hiyo pikipiki mpaka barabarani ndipo uiwashe."

Latifu hakuiwasha hata barabarani. Aliisukuma hadi gereji ya fundi Harelimana. Njiani Gisa alimwona akamwuliza kwa sauti, "Imekufa?" Latifu aliendelea kusukuma.

Harelimana alichuchumaa. Alivuta waya kwa kidole, akacheka bila furaha.

"Nani amefunga hii? Mfunga mbuzi? Tazama hapa, palipo na masizi. Hukuweka gasketi, ile pete ya kuziba kiungo. Moshi wa moto unatoka hapa, unapiga miguu. Na waya ukilegea, bomba linasogea kwa abiria."

"Na kelele?"

"Bomba la kiwanda lina vyumba ndani. Moshi unazunguka humo, sauti inapungua. Hili ni tupu. Unapata kelele, nguvu huongezi. Kama muntu anataka kubadilisha bomba, achukue la pikipiki ya aina yake, lenye vyumba vya ndani na bati la kukinga miguu. Afungiwe na fundi, kwa boliti na gasketi mpya. Bomba hili sikufungii hata ukilia. Lako la zamani liko wapi?"

Lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya gunia. Latifu alilileta, na bati lake. Harelimana alilifunga, akaweka gasketi mpya, akakaza boliti zote. Kisha akawasha, akapitisha kiganja karibu na kiungo kuhisi kama kuna upepo. Hakuna. Pikipiki ilinong'ona tena.

Mguu wa Maman Mahoro ulianza kupona. Lakini Latifu hakuweza kumtazama. Alileta sukari na sabuni, akaziacha mlangoni, akaondoka kabla ya salamu. Alimtuma mkewe amwombee msamaha.

"Mwambie nimesamehe," alisema Maman Mahoro. "Lakini ananikimbia. Bibi mzima, nakimbiwa kama deni."

Siku moja chama cha madereva wa pikipiki kilikutana karibu na soko. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nzabonimpa. Latifu alikuwa ameomba kusema juu ya mabomba. Aliposimama, aliona pembeni mama mkwe wake, na kikapu cha viazi. Alikuwa amerudi sokoni siku hiyo, akitembea polepole.

"Kuna abiria... aliungua," alisema. "Tuweke mabati. Basi."

"Abiria gani?" Gisa alidakia. "Hao wasiojua kupanda? Mwambie akunje miguu kama kuku!"

Madereva walicheka. Latifu alikaa, kichwa chini.

Maman Mahoro aliweka kikapu. Alipita katikati ya pikipiki zao mpaka mbele. Akainama, akapandisha kitenge mpaka chini ya goti, akageuza mguu wauone. Kovu lilikuwa jekundu, pana, lenye mikunjo.

"Ni mimi abiria," alisema. "Nilijua kupanda kabla ninyi batoto hamjazaliwa. Niliita, na kelele yenu ilimeza sauti yangu. Tazameni vizuri. Gisa, sogea karibu, wewe wa kuku."

Gisa hakusogea. Hakuna aliyecheka. Latifu alifunika macho kwa mikono miwili. Kisha, polepole, akaishusha. Alitazama kovu, akatazama uso wa mama mkwe wake.

"Maman," alisema mbele ya wote, "ni mimi niliyekuchoma."

"Ndiyo, Papa. Ni wewe. Sasa wafundishe."

Latifu akasema yote. Alieleza habari za waya, gasketi, bati, maji na dawa ya meno. Hakuficha hata habari ya doa na kisu.

Wiki hiyo Harelimana alifunga mabomba mpaka akaishiwa gasketi. Gisa alikuja wa mwisho, akijifanya anapita tu. Kituo cha pikipiki kilitulia. Siku za soko Latifu alimbeba tena mama mkwe wake. Akisema nyuma, "Simama, ninunue chumvi," Latifu alisimama.

Lakini mji una midomo. Alasiri moja Mzee Nzabonimpa alifika sokoni, mahali Maman Mahoro alipouzia viazi, akakohoa.

"Maman Mahoro, ulitusaidia. Ninakiri. Ila watu wanasema. Mama mzima kufunua mguu mbele ya wanaume, na mkwe wake yuko pale! Nimekuja kwa heshima. Njoo kwenye mkutano, useme neno moja tu la radhi. Mambo yaishe."

Maman Mahoro alipanga viazi vyake, vikubwa juu.

"Mzee, nilipouficha huu mguu, ulioza. Nilipouonyesha, mabomba yalinyamaza. Nunua viazi au nenda. Radhi siombi."