Ukiitwa, Itika

Sarafu ilirudi tena. Kibanda cha simu cha pale Huruma kilikuwa na tabia hiyo: usipojibiwa, kinakutemea pesa yako utadhani wewe ndiye uliyekosea. Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa na foleni ilikuwa inaguna nyuma yangu. Mimi, Nafula, mwalimu wa kwaya, nilikuwa nimempigia mtu huyohuyo wiki nzima.

Tangazo nililiona gazetini, kwenye ukurasa ule wa watu wanaouza makochi na pikipiki. Amplifaya, spika moja na maiki, vimetumika, bei ya maelewano, Buruburu. Kanisa jirani lilikuwa limenunua spika kubwa mwaka huo wa tisini na sita, na tangu hapo kwaya yangu ilisikika kama mbu. Kamati ikaniambia nitafute mashine. Mashine niliipata, muuzaji ndiye hakupatikana.

Nikatumbukiza sarafu mara nyingine. Safari hii ikamezwa. Mtu alikuwa ameshika.

"Halo?"

Nikasikia pumzi... na nyuma ya ile pumzi, kwa mbali, sauti ya mwanamke mzee: "Naam. Nakuja."

"Halo! Nauliza kuhusu mashine. Bado iko?"

Simu ikakatwa.

Mtu mwenye busara angeacha. Mimi sipendi kupuuzwa. Nikigonga mlango nataka kusikia karibu, na nikimwita mtoto nataka aitike kabla sijafunga mdomo. Hivyo ndivyo nilivyolelewa kwetu Bungoma, na hivyo ndivyo nilivyomlea Asenath wangu. Alikuwa na miaka tisa, mtoto wa pekee, na wapangaji wa ploti nzima walimsifu kwa adabu. "Ukiitwa, itika," nilimwambia tangu akiwa anatambaa. Akichelewa kuitika, sikio lake lilijua vidole vyangu.

Basi Jumamosi jioni nikajipeleka Buruburu mwenyewe.

Nyumba ilikuwa na ua mdogo na maua yaliyokauka. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Hodi!"

Hakuna.

"Hodi wenyewe!"

Nikausukuma. Harufu ya ugoro ikanijia, kali, mpaka macho yakaniwasha. Kwenye kochi alikuwa ameketi mama mzee, kitambaa kichwani, mikono juu ya magoti. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea kwangu. Nikamwamkia kwa heshima zote. Hakusema neno. Nikajiambia, hawa watu wa nyumba zenye simu wana maringo.

Kisha nikamwona mzee. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona, mgongo kwangu, amekumbatia mashine. Maiki ilikuwa imegusa midomo yake. Aliponisikia aliificha haraka ndani ya koti.

"Mzee, mimi ndiye niliyepiga simu."

"Haiuzwi," akanong'ona.

"Inauzwa!" Kijana mmoja akaingia kutoka nje, funguo za gari mkononi. "Sasa, madam. Mimi ni Gichuru. Tangazo niliweka mimi. Pole kwa hiyo stori ya simu, huyu buda wangu, mzee Wahome, akishika ni kunyamaza tu."

Alikuwa mtoto wao. Nikamwuliza kama mama anaumwa. Gichuru akashusha sauti.

"Mathe amekaa hivyo tangu mwaka jana. Anakula ukimlisha, anatembea ukimshika mkono, lakini haongei. Madaktari wameangalia, hawaoni kitu. Na mzee badala ya kumshughulikia, kila jioni anabonga na hiyo mashine. Eti anaita Waringa, Waringa, na mathe mwenyewe ameketi hapo. Wewe ibebe, madam. Ikitoka hapa labda akili itamrudia."

Tukaelewana bei. Mzee Wahome hakubishana na mwanawe, alilia tu, machozi bila sauti. Nilipoinua maiki, akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Imba nayo," akaninong'oneza. "Kuimba haina shida. Lakini usiite mtu jina. Umesikia, mama? Usiite mtu..."

"Nimesikia, mzee."

Nilimsikia, ndiyo. Lakini wazee husema mengi, na mimi nilikuwa nimeshapata mashine yangu. Gichuru akanifikisha Huruma kwa pikapu yake.

Kesho yake, Jumapili, tuliimba. Kanisa jirani walitoka nje kutuchungulia! Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, mashine ikabebwa na waimbaji wa kiume hadi kwangu orofa ya nne, maana kanisani hakukuwa na kufuli la kuaminika. Mume wangu Kweyu alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Asenath alikuwa chini anacheza.

Jioni ilipoanza kuingia nikachomeka waya ili nijaribu tena wimbo mmoja. Taa nyekundu ikawaka. Nyumba ikanuka ugoro, na kwangu hakuna anayeugusa. Halafu spika ikakwaruza.

"Wahome...? Ni wewe?"

Nikadhani imenasa redio ya jirani. Nikapiga kibao kwenye boksi, ikanyamaza.

Ilikuwa saa ile ambayo akina mama wote wa Huruma hutoka kwenye roshani kuita watoto. Mama Nzembi wa orofa ya tatu alikuwa tayari ameanza, na ng'ambo ya barabara mwingine alikuwa anamtishia mwanawe kwa mwiko. Ni kelele ya kila siku, na kila mtoto huijua sauti ya mamake kati ya zote. Mimi nikaiangalia maiki mkononi mwangu. Nikacheka. Leo nijipasue koo kwa nini?

Nikatoka nayo mpaka roshani, waya ukinyooka nyuma yangu.

"ASENATH!"

Jina likaenda hadi Mathare likarudi. Watu wakaangua kicheko madirishani. Huko chini watoto wakapiga mayowe, "Ase! Mathe wako amekuwa redio!" Nikamwona binti yangu, sweta nyekundu, nusu ya chungwa mkononi. Akainua uso. Akafungua mdomo.

"Naam, mama! Nakuja!"

Sauti haikutoka chini.

Ilitoka ndani ya nyumba. Kwenye spika. Nyuma yangu.

Palepale stima ikapotea. Huruma nzima ikawa giza, na watu wakapiga mluzi kama kawaida yao. Nikageuka. Redio, balbu, kila kitu kilikuwa kimezima. Taa nyekundu ya mashine ilikuwa bado inawaka.

Nikasikia kandambili kwenye ngazi. Pa... pa... pa... Polepole. Asenath hajawahi kupanda ngazi polepole, yeye hupanda akikimbia mpaka majirani hulalamika. Pa... pa... Zikasimama mlangoni.

Nikafungua. Alikuwa amesimama, chungwa mkononi, maji yake yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Asenath?"

Aliniangalia. Macho wazi, yameelekea kwangu.

"Asenath, si nakuita?"

Hakuna.

Nikamfinya sikio. Nilimfinya kwa nguvu, kwa hasira ya mama anayepuuzwa na mtoto wake mwenyewe. Hakukunja hata uso. Na kutoka kwenye spika, ndani ya giza, nikasikia sauti ndogo yenye adabu.

"Naam, mama."

Ugoro ulikuwa haunuki tena. Nyumba ilinuka machungwa.

Sitaki kueleza usiku ule. Kweyu alirudi asubuhi akanikuta nimemkumbatia mtoto, nimepoteza sauti kwa kumwita. Tulizunguka hospitali. Walimpiga picha za kichwa, wakasema mtoto mzima. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa, wakaomba, wakafunga, wakampaka mafuta. Asenath aliketi kwenye kochi, mikono juu ya magoti, akawaangalia. Nilipoona ile mikono, nikajua nimeiona wapi.

Nikateremka hadi kibandani. Sarafu ikamezwa mara moja.

"Umeita nani?" mzee Wahome akauliza kabla sijasema halo.

"Mtoto wangu."

"Aliitika?"

"Aliitika, mzee. Niambie nifanye nini. Chukua mashine yako, chukua kila kitu, nirudishie mtoto!"

"Ingekuwa inarudisha, ningekuwa nimemrudisha wangu." Alikuwa ananong'ona, nadhani Gichuru alikuwa karibu. "Mimi niliinunua Muthurwa, kwa mtu ambaye hakutaka kuniambia jina lake. Nikamwita Waringa nikicheza, aniletee chai. Sikiza, mama. Mwite kila jioni jua likizama. Usiruke hata siku moja. Wasipoitwa wanasahau jina, na akisahau jina hataitika tena. Halafu, tafadhali... mimi sina mashine sasa. Uniitie Waringa."

Nikamwahidi. Nikamwambia na nyumba yangu iko wapi, ili aje asikilize mwenyewe.

Na nilijaribu, Mungu ni shahidi. Jioni ya kwanza nikamwita Asenath, akaitika, "Naam, mama, nakuja." Nikamwita Waringa. Spika ikakwaruza tu. Jioni iliyofuata nikaanza na Waringa. Akaitika haraka, yule bibi, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja. "Naam! Nakuja! Wahome?" Nikafurahi kwa ajili ya mzee. Halafu nikamwita Asenath.

Nikamwita mpaka giza likakolea. Hakuitika.

Jioni moja, mtu mmoja. Ndivyo mashine ilivyo, sijui kwa nini. Usiku ule nililala sakafuni nimeikumbatia, na sijawahi kuogopa hivyo maishani. Tangu hapo simwiti Waringa.

Mniseme mkitaka. Mama yeyote aliye na mtoto atanielewa, na asiyenielewa simhitaji.

Kweyu anataka iondoke. Ameweka tangazo gazetini na nambari ya mwenye ploti, eti mashine ikitoka mtoto atapona. Maneno ya Gichuru hasa! Watu wanapiga simu, mwenye ploti ananiita nikaongee, siendi. Wengine wanakuja wenyewe, wanapanda hadi orofa ya nne, wanagonga. "Hodi! Hodi wenyewe! Nimekuja kuona amplifaya!" Mlango wangu una kitundu. Nawaona wakinuna, wakisema mambo niliyosema mimi kule Buruburu. Siwaitikii.

Na kuna mmoja ambaye si mnunuzi.

Huja jua likianza kushuka. Hupanda ngazi polepole kwa sababu anamwongoza mtu kwa mkono. Husimama nje, yeye na mke wake, amemfunga kitambaa vizuri, amempaka mafuta usoni. Leo pia wamekuja.

"Hodi," akanong'ona mzee Wahome. "Mama Asenath. Leo tu. Nimwite mimi, mara moja... Atanisahau."

Nilisimama nyuma ya mlango, nimezuia pumzi. Kupitia kile kitundu niliyaona macho ya Waringa, wazi, yameelekea kwangu. Asenath wangu alikuwa kwenye kochi, ameoga, amesukwa nywele. Roshani zote za Huruma zilikuwa zimejaa sauti za akina mama, na watoto wao walikuwa wanaitika, wanapanda ngazi, wanaingia ndani.

Nikarudi kinyumenyume hadi kwenye mashine. Nikaiweka maiki mdomoni, nikanong'ona ili mzee asisikie.

"Asenath."

Machungwa yakanukia.

"Naam, mama."

"Uko salama, mwanangu?"

Sijawahi kumwuliza hivyo. Kila siku huitika tu, husema anakuja, hunyamaza. Spika ikakwaruza kwa muda mrefu.

"Mama... kuna shosho mmoja mzee hapa. Analia. Anauliza mbona yeye haitwi."

Mlangoni, hodi ikabishwa. Mara moja, taratibu.

Nilitazama mlango. Nilimtazama binti yangu kwenye kochi, mikono juu ya magoti. Jua lilikuwa limebaki mstari mwembamba juu ya mabati.

"Mwambie hakuna mtu nyumbani," nikasema.

Akakawia kidogo. Mimi ndiye niliyemfunza, na tangu azaliwe hajawahi kunikatalia neno.

"Sawa, mama," akaitika.

Nikamsikia akienda kumwambia.