Gurudumu la Darajani

Foleni ya ukaguzi kwenye daraja la Garissa ilikuwa imesimama. Mbuzi wanalia, askari wanapekua magunia, na vita vya waasi wa shifta vimemfanya kila mtu aonekane mwizi. Sirad, kibuyu cha maziwa mgongoni, akajikwaa kwenye miguu iliyotokeza chini ya pikapu kuukuu.

"Wewe miguu! Mwenyewe yuko wapi? Maziwa yangu yanachacha."

Gelle akatoa kichwa, grisi hadi kwenye nyusi. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelegea. Akaiona nguo ya guntiino ya rangi ya machungwa iliyofungwa begani, akasahau alikoweka spana.

"Nikitoka hapa gari litaanguka, macaanto."

"Mtamu wako nimekuwa lini?"

"Sasa hivi. Na tayari nimechelewa."

Ndivyo mambo yanavyoanza, na mama hayupo.

Wiki iliyofuata Sirad alimpelekea mkebe wa samli aliyoipika mwenyewe. Wazee wa Gelle wakaja kuposa, na baba yake Sirad, mzee Yarrow, akakubali. Ila pikapu haikukubali. Gelle alipeleka sukari na majani ya chai Hulugho, na kila safari boliti za gurudumu lile lile zilikatika porini. Alizibadilisha, akakaza vizuri zaidi, zikakatika tena.

Afisa wa darajani akamwambia, "Kila mara unakwama kichakani. Unampelekea nani chakula? Ukikwama tena, gari ni letu, na wewe unaingia ndani."

Yarrow aliposikia hivyo akafunga mlango. "Binti yangu haolewi na mtu wa jela."

Kisimani wanawake walikuwa na habari nyingine. Boliti gani hizo, wakacheka, boliti hiyo inaitwa Lul na inakaa Hulugho.

Mama yake Sirad, Hinda, alimsihi. "Mwache, hooyo, mwanangu. Njia hii inameza vijana wa watu."

"Sitamwacha kwa maneno ya kisimani. Nikimwacha, nitamwacha kwa macho yangu."

Asubuhi Sirad akatuma watu wamwite Gelle aje na gari hadi mlangoni. Majirani wakajaa. Gelle akashuka na shati jeupe la Ijumaa, akidhani amesamehewa.

"Lul ni nani?"

"Lul yupi?"

"Wa Hulugho! Anayekukatia boliti!"

"Wallahi, Hulugho namjua mwenye duka tu, na ana ndevu!"

Watu wakaangua kicheko. Sirad hakucheka. "Basi fungua gurudumu. Mbele ya baba. Halafu ulirudishe vile vile unavyolirudisha siku zote."

Yarrow akanguruma, "Nayaa, wewe msichana, ingia ndani!"

"Siingii, baba. Anayeolewa ni mimi."

Gelle akamwaga kutoka mfukoni vipande vya chuma vilivyokatika, akapiga jeki, akafungua. Wakati wa kurudisha alichovya vidole kwenye mkebe wa samli, akapaka kila boliti akisema Bismillahi, kama anavyopakwa samli ngamia wa mbele wa msafara. Kisha akachomeka bomba refu kwenye spana, akalipanda kwa miguu yote miwili. Chuma kikalia.

"Acha!" Sirad akaokota kipande kimoja. "Hiki hakikuumwa na jiwe. Tazama kiuno chake kilivyokonda. Kimevutwa! Mkanda wa ngamia ukipakwa mafuta ukauvuta, hujui pa kuacha, ndio unakatika."

Gelle akalitazama bomba chini ya miguu yake.

"Nati kavu inakukatalia mkono, unajua imefika. Hii inateleza tu, na wewe umepanda bomba. Kwa nini?"

"Naogopa," akasema polepole. "Likichomoka kule, huku shifta, huku askari. Kila zilipokatika niliongeza samli, nikakaza zaidi."

"Na magurudumu mengine?"

"Hayo sikuyapaka. Hili ndilo la siku ya darajani." Akainamisha kichwa. "Na samli ni yako."

Hapo Sirad akageuza uso, maana macho yalikuwa yanamsaliti. "Samli nilikupa ule, mjinga wangu."

Wakasugua zile boliti kwa mafuta ya taa hadi zikakauka, zilizovutika wakazitupa, wakatia mpya. Gelle akakaza kwa spana na mkono tu, nati moja, kisha ya upande wa pili.

Yarrow akakohoa. "Akienda akarudi bila kukwama, tutazungumza."

"Hapana, baba. Mwite sheikh leo. Afisa akimchukua, amchukue mume wangu."

Hinda akalia, akashika mkono wa binti yake kwa nguvu, kisha akauona ule mkono umekuwa mweupe. Akalegeza. "Mwite, Yarrow," akasema.

Kesho yake pikapu ilisimama darajani. Sirad alikaa mbele, shashi nyeusi ya mke wa mtu kichwani.

"Huyu nani?" afisa akauliza.

"Mke wake. Tukikwama, utuchukue wote wawili. Lakini hatukwami."

Mbele kidogo Gelle alisimama kuangalia nati, kama ilivyo lazima kwa boliti mpya. Akazikaza kwa mkono. Kisha akaenda nyuma ya gari kutafuta. "Macaanto, bomba langu liko wapi?"

"Nimemwachia mama achochee moto."

"Sirad! Na likilegea?"

"Tutashuka, tutalikaza. Panda, jua linapanda."

Siku waliporudi, afisa aliinama, akalipiga teke gurudumu la kushoto. Halikutikisika. Akalipiga tena.

"Ukimaliza kulipiga," Sirad akamwambia, "tufungulie njia."