Namba ya Paskazia

Jumanne, tarehe nne Machi 2025, saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipomharibikia Ngosha. Alikuwa ofisi ya ardhi. Wapimaji walikuwa wamesimika bikoni, jiwe la mpaka, ndani ya uwanja wake kule Igoma, hatua kumi na mbili ndani ya mpaka wa zamani. Minyaa ya mpaka walishaing'oa. Picha za minyaa ile zilikuwa kwenye diski ya marehemu mkewe, Paskazia, aliyeipanda kwa mikono yake.

Ngosha alichomeka diski kwenye laptopu yake ya Linux. Jina PICHA likatokea. Alipobofya folda iliyomo, akaambiwa hana ruhusa.

"Diski imekufa hiyo, mzee," karani alisema. "Ifomati uanze upya. Ijumaa tunafunga faili."

"Kufomati ndiyo nini?"

"Kufuta vyote."

"Kafute vya kwenu!" Ngosha aliichomoa kwa nguvu, akaondoka.

Alikwenda kwa jirani yake Modesta, fundi kompyuta.

"Shikamoo, baba Shimba. Mbona umenuna kama sangara wa barafu?"

"Marahaba. Wakubwa wanasema mke wangu hakupanda kitu."

Modesta alichomeka diski, akaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski. "Ona: /media/ngosha/PICHA. Kompyuta imeiona, imeipa na mahali pa kukaa. Diski iliyokufa haitaji jina lake."

"Sasa nani kanifungia?"

Modesta aliandika ls -l /media/ngosha/PICHA. Penye jina la mwenye folda palikuwa na namba tu: 1001.

"Kwenye kompyuta ya zamani, mama Shimba alikuwa na akaunti yake?"

"Alikuwa nayo. Ile iliungua umeme uliporudi."

"Linux humjua mtu kwa namba. Yeye alikuwa 1001. Wewe ni 1000. Folda yake aliwafungia wengine."

Ngosha aliisoma tena ile namba. Ofisini hakuna karatasi hata moja iliyomtaja Paskazia. Mashine ilikuwa bado inamtambua.

"Andika mwenyewe," Modesta alisema. "sudo chown -R ngosha /media/ngosha/PICHA. Yaani, kwa mamlaka ya msimamizi, vyote vya humu apewe Ngosha. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza. Ukikosea folda, utaharibu kompyuta nzima."

Aliandika kwa kidole kimoja. Ikadai nywila. "Mbona haiandiki?"

"Inaandika, inaficha tu."

Folda ikafunguka. Kwenye picha ya kwanza Paskazia alisimama, jembe begani, minyaa imemfika kifuani.

"Tunakili kwenye laptopu," Modesta alisema kwa upole. "Na diski usiing'oe tena kama muhogo. Bonyeza kitufe cha kuitoa, usubiri, ndipo uchomoe."

Alhamisi Ngosha alifungua picha mbele ya afisa wa ardhi. Afisa alizitazama moja moja, akaagiza bikoni irudishwe kwenye mpaka wa zamani.

Karani alitabasamu. "Basi mzee, yameisha."

"Hayajaisha," Ngosha alisema. "Ningekusikiliza nikafuta, leo mngesema mpaka wangu uko wapi?"