Hakuna Aliyekosekana Nyumbani

"Chiriku, dakika kumi na moja," Kituo kilisema sikioni mwake. "Waziri akishatia saini, basi tena."

Jasusi Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu haongei, alikuwa akipanda ngazi za hoteli mbili mbili. Miaka kumi na minane kazini, na leo anakimbiza ripoti ya tathmini!

Ripoti ilisema vichujio vya mradi wa maji safi vinafanya kazi kila nyumba. Ikipita, vingesambazwa nchi nzima. Binti wa dada yake alikunywa maji ya kichujio hicho, na alikuwa wodini siku ya sita. Tangu hapo dada alitegemea gari la maji la mradi huohuo.

Chumba 407.

Mlango ulifunguka kwa teke moja.

Mshauri wa kigeni, mwandishi wa ripoti, alikuwa akichoma madodoso bafuni. Mkono wake ulikimbilia droo.

Bastola ya Chiriku, Glock, ilifika kwanza.

"Usijisumbue, bwana mkubwa."

"Data zangu ni safi! Tumehoji kaya elfu moja."

"Zote?"

"Zote."

"Hiyo 'zote' ndiyo iliyokuponza." Chiriku alipiga picha madodoso yaliyobaki kwa kalamu yenye kamera. "Nimewahi kujifanya karani wa kuhoji. Huyu kaenda shamba, yule kakufungia mlango, mwingine kakuachia mbwa. Kwako kaya elfu moja, hakuna aliyekosekana nyumbani. Mmezipika humuhumu."

Mshauri alikaa chini.

"Kituo, picha?"

"Zimefika. Waziri kaweka kalamu chini. Mradi umesimamishwa, saa hii hii."

"Vichujio tu?"

"Mradi wote. Kazi safi, Chiriku."

Polisi walimchukua Mshauri, Chiriku akashuka ngazi. Simu ikaita.

"Kaka, uko kazini?"

"Sema, dada."

"Gari la maji limegeuzwa njiani. Dereva anasema kapigiwa simu kutoka juu. Mtoto karuhusiwa leo, nami sina maji mengine ila ya kile kichujio. Una watu serikalini, hebu waulize nani kafanya hivi."

Chiriku alisimama kwenye ngazi ya mwisho.

"Nitawauliza, dada. Chemsha kwanza."

"Kwa kuni zipi, kaka?"

Alikata simu, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akavuka barabara taratibu bila kugeuka.