Jua Lililofungiwa Nje

Kila asubuhi, kabla birika la chai halijachemka, Wijdan aliutikisa mtungi wa gesi. Leo ulikuwa mwepesi. Umedumu siku tisa tu, na Januari ndiyo kwanza inaanza! Baridi ya Karak, mji wa mlimani, haina huruma. Inapanda kutoka kwenye vigae, inapenya soksi, inakaa mifupani.

Binti yake, Lujain, alikuwa na umri wa siku kumi. Mumewe, Sufyan, alikuwa kazini Akaba, hurudi Alhamisi. Nyumbani walibaki watatu: Wijdan, kichanga chake, na mama mkwe, Mama Sufyan. Wote walijibana katika chumba cha nyuma, kisichoona jua tangu Oktoba. Wijdan alikuwa amebandika nailoni dirishani na kusokomeza taulo chini ya mlango, joto la hita lisitoke hata chembe.

"Umefanya vizuri, mwanangu," Mama Sufyan alimsifu. "Hapo hata jini hapiti."

Lakini tangu juzi kichwa kilikuwa kinamgonga Wijdan. Na leo Lujain alinyonya mara mbili, akaachia titi, akalala. Wijdan alimfinya kidole cha mguu. Mtoto akafungua jicho moja, akalifumba. Wijdan akamnyanyua kwa pupa.

"Mama, mtoto amelegea!"

"Ni baridi hiyo. Ongeza moto."

Akaongeza.

Mara mlango wa nje ukagongwa. Alikuwa Hanadi, jirani wa chini, fundi bomba, na begi lake la spana begani. Alikuja kuziba bomba la tangi la paani, lililopasuka kwa barafu.

"Mwanamke na spana!" Mama Sufyan alimtania kama kawaida yake. "Na huko kwako nani anapika?"

"Mume wangu. Tena supu yake ya dengu inaishinda yako."

Kicheko kilimwishia Hanadi alipoingia chumbani kumsalimia mtoto. Aliona taulo. Aliona nailoni. Aliona hita inawaka. Bila neno akaizima, akaichana nailoni, akafungua dirisha lote.

"We Hanadi, una wazimu? Kuna kichanga humu!"

"Ndiyo maana, Mama Sufyan. Wijdan, mfunike mtoto, tokeni nje. Wote. Sasa hivi!"

Huko barazani Hanadi akauliza, "Kichwa kinakuuma?"

"Tangu juzi."

"Ukitoka nje?"

Wijdan akafikiri. "Kinapoa. Nikirudi ndani, kinaanza tena."

"Basi hiyo si baridi. Hita ya gesi inavuta hewa kama sisi. Ukiziba kila tundu, moto unakosa hewa safi, unatoa sumu. Haina rangi wala harufu. Mtu analala, haamki. Twendeni kituo cha afya."

Ndani ya pikapu ya Hanadi, Wijdan aliweka kidole chini ya pua ya mtoto njia nzima. Pumzi moja. Nyingine. Iko wapi nyingine? Hiyo hapo. Mama Sufyan aliomba dua bila kupumzika. Kituoni wote watatu waliwekewa oksijeni. Ilipofika adhuhuri, Lujain alipiga kelele, kilio kikali cha mtoto mwenye njaa. Wijdan naye akalia.

Kesho yake Hanadi alikuja kuwajulia hali. "Tufanyeje, Hanadi?" Wijdan aliuliza. "Dirisha likiwa wazi, gesi inaisha na mtoto anaganda. Tukilifunga, tunakufa."

Hanadi aliutazama mlango wa chumba cha mbele. "Na kile chumba kilichofungwa?"

Mama Sufyan akashika ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Kilikuwa chumba cha wageni. Mlikuwa na viti vyekundu vya mahameli, alivyonunuliwa na marehemu mumewe walipooana. Vilifunikwa mashuka, na mapazia hayakuwa yamefunguliwa kwa miaka thelathini, jua lisije likavipausha.

"Kinaelekea kusini, upande jua linakopita majira haya ya baridi," Hanadi alisema. "Jua la bure mnalifungia nje, halafu joto mnalinunua kwenye mtungi."

"Na wageni wa kumwona mtoto niwaketishe wapi? Jikoni?"

"Humohumo, pamoja na mtoto waliyekuja kumwona."

"Aibu!"

"Mama Sufyan, jana nusura uwapokee humo wageni wa msiba."

Mama Sufyan alimtazama Lujain. Kisha akauvua ufunguo.

Wakahamia siku hiyohiyo. Hanadi aliwaonyesha, na Wijdan akashika kila neno. Asubuhi mapazia yafunguliwe. Kabla ya magharibi yashushwe, yahifadhi joto la mchana. Zulia litandikwe juu ya vigae. Taulo zizibe milango ya vyumba visivyo na moto tu. Hita iwashwe jioni kwa muda mfupi, dirisha likiwa wazi upana wa vidole viwili, na izimwe kabla ya kulala. Mtoto aogeshwe adhuhuri, maji yaliyopashwa na jua kwenye tangi la paani yakiwa bado ya moto.

Mtungi uliofuata ulidumu siku ishirini na tatu.

Siku ya arobaini tangu Lujain azaliwe, wageni walijaa. Walikula uji mtamu wa uzazi, wa viungo vya karawia, wenye lozi juu. Jua lilikuwa limemwagika mpaka kwenye mapaja yao.

"Mama Sufyan!" shangazi mmoja alishtuka. "Jua litaipausha mahameli yako!"

Wijdan, ambaye bado kila alfajiri aliweka kidole chini ya pua ya mwanawe, alimtazama mama mkwe wake.

Mama Sufyan alimpakata Lujain, akamgeuzia dirishani. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu kama komamanga.

"Liipaushe," alisema. "Rangi ninayoitunza mimi ni hii."