Turubai Ambalo Halikujaribiwa

Kila siku akitoka shuleni, Chepkurui alikuwa na kazi tatu: kufunga ndama, kuchota maji, na kuanika aproni ya plastiki ambayo mama yake aliivaa akichuma chai. Zote alizifanya upande wa mbele wa nyumba. Upande wa nyuma hakwenda. Huko kulikuwa na mikaratusi miwili, na hatua chache kutoka hapo palikuwa na kaburi la baba yake.

Baba alikuwa mlinzi wa msitu. Alinyeshewa siku nyingi mfululizo, akarudi nyumbani na nimonia, na baada ya wiki tatu akafariki. Ilikuwa miaka miwili sasa. Chepkurui alikumbuka kikohozi chake kuliko alivyokumbuka sauti yake akizungumza. Nyumbani kwao, karibu na Kiptere, mvua hunyesha karibu kila alasiri. Matone yalipoanza kugonga mabati, yeye alisikia kikohozi kile kikitoka nyuma ya nyumba. Kilikuwa kifupi na kikavu. Kilikuja mara mbili, kisha kimya. Hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliona haya kuogopa kitu ambacho hakionekani.

Mwezi wa tatu, kaka yake Weldon alipata kazi. Kikundi cha wanakijiji kilikuwa kimepanda miti ya kienyeji kando ya msitu, na vijana wawili walitakiwa kukaa huko miezi mitatu ili ng'ombe wasile miche. Ardhi ya huko ni majimaji na ina siafu, hivyo hakuna anayeweza kulala chini. Weldon alishonewa hamoki, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inia kati ya miti miwili. Kilichobaki ni turubai la kufunga juu yake.

Mama alimtuma Chepkurui sokoni, kwa kuwa siku hizo majani ya chai yalikuwa mengi na yeye hangeweza kuacha kuchuma. Alimwambia achague turubai la bei wanayoiweza, lakini litakalodumu miezi yote mitatu.

"Na lijaribu vile baba yako alikuwa akijaribu," alisema.

Kila mtu katika nyumba ile aliijua njia ya baba. Alifunga turubai kwa pembe zake nne kwenye mikaratusi na vigingi, akanyunyiza jivu kavu chini yake, kisha akamwaga ndoo za maji katikati mpaka turubai likaning'inia kama tumbo la ng'ombe. Aliliacha hivyo kutwa nzima. Jivu likilowa, turubai linavuja. Pembe zikianza kuchanika, haliwezi upepo.

Duka la turubai lilikuwa la Mzee Chege, mtu aliyehamia Kiptere kutoka Murang'a akiwa kijana. Alimtandikia Chepkurui aina tatu. Kwanza turubai la lori, zito na ghali, ambalo likilowa hubebwa na watu wawili. Kisha turubai la kijani lililofumwa, lenye pindo nene na pete za chuma. La mwisho ni nailoni nyeupe angavu ambayo wakulima wote wa huko hufunika nayo vitalu vya miche ya chai. Bei yake ilikuwa nusu ya lile la kijani.

Chepkurui aliijua nailoni hiyo. Ilikuwa imefunika kitalu chao miezi saba bila kupitisha tone. Alifikiri, kama inaweza kulinda mche mchanga, itashindwaje kumlinda Weldon?

Mzee Chege alisitasita. "Mami, hiyo naijua kwa chai," alisema. "Kwa mtu siijui. Nenda uijaribu. Ikikataa, irudishe Jumatatu, nitakubadilishia na hili la kijani."

Jumamosi mchana, mama akiwa shambani, Chepkurui alichukua nailoni aliyoinunua, kamba, ndoo ya maji na mkebe wa jivu. Alitembea mpaka kwenye kona ya nyumba. Wingu lilikuwa limeshafika. Akaliona kaburi, na majani yaliyoota juu yake yakitikisika. Tone la kwanza likagonga bati. Na hapo akasikia kikohozi, kifupi, kikavu, mara mbili.

Alimwaga jivu palepale kwenye nyasi, akarudi ndani na kufunga mlango.

Jioni mama alimwuliza kama amejaribu. Akasema amejaribu. Mama akauliza kama limevuja.

"Halikuvuja hata tone," Chepkurui alijibu.

Mama alitabasamu. "Baba yako angefurahi," alisema.

Chepkurui aliisukuma sahani yake kando, akaenda kulala.

Weldon alikwenda msituni na mwenzake, Kipkoech. Baada ya siku chache alipiga simu akicheka. Alisema Kipkoech anamwita mtu wa dirishani, kwa sababu akilala anaonekana wazi kupitia nailoni kama mkate dukani. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Chepkurui alitoka nje. Tangu siku hiyo, kila mvua ilipoanza alisimama mahali alipo, akisikiliza. Mwalimu alimwuliza mara mbili kwa nini anaangalia dari badala ya ubao.

Wiki ya nne ikanyesha mvua ya mawe. Kwa nusu saa mawe ya barafu yalipiga majani ya chai mpaka vijia vikawa vya kijani na vyeupe. Kesho yake saa sita, jua likiwaka, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba. Kipkoech alikuwa amemshika Weldon, aliyefungwa blanketi mpaka shingoni. Weldon alishuka, akashika nguzo ya mlango, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi na kikavu. Mara mbili.

Chepkurui aliangusha sufuria aliyoishika. Safari hii sauti haikutoka nyuma ya nyumba.

Hospitali ya Kapkatet walisema ni nimonia, wakamlaza. Mama na Chepkurui waliketi kwenye benchi nje ya wodi. Kipkoech aliwaeleza yaliyotokea. Pembe za nailoni zilianza kuchanika wiki ya pili, na Weldon akawa anazifunga kwa nyuzi, akinyeshewa kidogo kidogo bila kusema. Mvua ya mawe ilimaliza kilichobaki. Kipkoech alishangaa kwamba kitu kama hicho kilipita jaribio la ndoo.

"Ni Chege," mama alisema. "Alibadilisha akaleta kitu kibovu. Nimempigia simu tulipofika hapa nikamwambia ni mwuaji. Jumapili nitawaambia akina mama wote kanisani."

Nyuma ya mlango Weldon alikohoa. Chepkurui alihesabu pumzi zake zilizofuata. Alikuwa amefanya hivyo zamani, nje ya chumba kingine, na aliijua siku ambayo zilikosa kuhesabika.

"Mama, sikulijaribu," alisema.

Mama aligeuka polepole.

"Nilifika kwenye kona ya nyumba. Mvua ikaanza. Nikamsikia baba akikohoa, nikakimbia."

Kipkoech aliinuka akaenda kusimama mbali. Chepkurui alingoja kofi, na alitamani lije upesi. Hatimaye mama akauliza, kwa sauti ya chini, humsikia lini.

"Kila mvua ikianza."

"Mimi humsikia asubuhi nikiwasha moto," mama alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Siku nne walikaa kwenye benchi lile, wakisikiliza. Siku ya tano Weldon aliomba ugali na maziwa ya mursik yaliyochachushwa kibuyuni, na muuguzi akawaambia kwamba hatari imepita.

Kabla ya kurudi nyumbani, mama alimpeleka Chepkurui dukani kwa Mzee Chege. Mama ndiye aliyeanza kuomba msamaha, kisha Chepkurui akasema uongo wake wote mbele ya wateja wawili. Mzee Chege alisikiliza akikunja nailoni. Alikiri kwamba yale maneno ya simu yalimnyima usingizi.

"Lakini hukukosea kuchagua kwa sababu ya ujinga," alimwambia Chepkurui. "Ulichagua kwa kitu ulichokiona. Kitaluni nailoni inabebwa na fito, na juu yake kuna kivuli. Msituni inavutwa kwa pembe, jua linaikausha, upepo unaipiga. Ukitaka turubai la kuning'iniza, angalia pindo na pete kwanza. Na hata hivyo, lijaribu kwanza."

Wakanunua lile la kijani.

Jumamosi, wingu lilipokuwa likipanda, mama alichukua jivu na Chepkurui akachukua kamba. Walizunguka nyumba pamoja. Mama alishika pembe moja, Chepkurui akafunga nyingine kwenye mkaratusi, karibu sana na kaburi. Mvua ikaanza. Kikohozi kikaja, kama kawaida yake. Chepkurui aliliachia fundo.

"Umesikia?" mama aliuliza.

Chepkurui alitikisa kichwa kukubali.

"Basi kaza fundo."

Alikaza. Walimwaga ndoo sita. Walikaa hapo mpaka jioni, wameloa wote wawili, na chini ya turubai jivu lilibaki kavu, jeupe kama lilivyonyunyizwa. Pembe zote nne zilikuwa nzima.

Mama alifungua kamba na kulikunja turubai, tayari kwa siku ambayo Weldon angepata nguvu za kurudi kazini.

"Kuogopa si kosa, Chepkurui," alisema. "Ungeniambia unaogopa, tungekuja wawili kama leo. Kosa ni kusema kazi imefanyika wakati haijafanyika. Kaka yako hakulala chini ya nailoni tu. Alilala chini ya neno lako."