Gari Letu Lilipoacha Kusimama kwa Bibi Nkamba

Nina umri wa miaka hamsini na minane, mjane, naishi Somanda hapa Bariadi. Haya ninayowasimulia yalinipata nikiwa bado mama kijana, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini na fedha mkononi, malori yao yakishindana na yale ya ushirika.

Mume wangu alikuwa mpimaji wa pamba. Wanunuzi wapya walipokuja alihamia kwao, wakampeleka kijiji kimoja upande wa Kasoli. Huko akapata mwanamke mwingine, jina lake Holo, wakazaa mtoto. Hakurudi tena nyumbani. Baadaye nikasikia amefariki kwa ugonjwa ule uliokuwa ukimaliza watu. Holo naye akamfuata...

Sikujua nalilia msiba au nalilia hasira. Rafiki yangu Mama Ester, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, ndiye aliyenitoa ndani. Akaniingiza katika kikundi chao cha kujitolea kusaidia yatima. Tulikusanya unga, sabuni na nguo za mitumba, na kila Jumamosi tukapanda nyuma ya pikapu ya kanisa kwenda vijijini.

Kule Kasoli mwenyeji wetu alikuwa Maduhu. Mtu mpole, mwimbaji mzuri. Alitubebea mizigo, alituombea kabla hatujaondoka. Ndiye aliyetupeleka kwa Bibi Nkamba, mjane wa baba yake mdogo, aliyekuwa akilea mjukuu wa miaka minne aitwaye Kabula.

Nilimtazama yule mtoto. Paji la uso, masikio, namna ya kuinamisha kichwa... alikuwa mume wangu mtupu! Bibi Nkamba ndiye aliyemzaa Holo.

Bibi alinitazama kwa macho yake mekundu, macho ya mtu aliyepikia vijiti vya pamba miaka yote.

"Wewe ni mke wa yule baba," akasema.

"Ndiyo, mayu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwanangu alikukosea. Huyu mdogo usimchukie."

Nilichota maji, nikamwogesha Kabula, nikamvalisha gauni. Wiki iliyofuata nilikuwa wa kwanza kupanda gari.

Ndipo mambo yakaanza kubadilika. Siku moja Maduhu alimvuta Mama Ester pembeni, wakaongea kwa sauti ya chini. Tukiwa njiani kurudi, Mama Ester akatuambia kwamba Bibi Nkamba ni mchawi. Kwamba Holo hakufa kwa ugonjwa, kwamba kijiji kizima kinajua. Tangu siku hiyo unga wa Kabula ukawa unaachwa kwa Maduhu, eti ataufikisha mwenyewe.

Nilipinga. Mama Ester akaniambia, "Mwenzangu, sisi tuna watoto. Wakisema kanisa linalisha wachawi, nani atatupokea tena?"

Jumamosi iliyofuata Bibi alikuwa amesimama kando ya njia, amemshika Kabula mkono. Alipoona pikapu akatabasamu. Dereva hakupunguza mwendo. Niligonga paa la gari, wenzangu wakanishika. Na pale kwenye banda la kununulia pamba, wanaume waliokuwa wamekaa walitutazama tukipita, kisha wakamgeukia yule mwanamke mzee.

Mnaelewa walichokuwa wanaona?

Sikupata amani. Katikati ya wiki nilipanda lori la pamba, nikaenda peke yangu. Nilimkuta Bibi amekaa mlangoni, hajawasha moto. Mbuzi wake alikuwa amekatwa shingo na kutupwa kizingitini. Majirani walikuwa wameacha kuitikia salamu yake.

"Zamani walinong'ona tu," akaniambia. "Gari lenu lilipoacha kusimama, wamejua sina mtu."

Ndipo akaniambia yote. Shamba lake lilikuwa kando ya barabara, mahali malori yanaposimama. Tangu pamba ianze kulipwa papo hapo, Maduhu alikuwa akilitaka. Bibi alikataa kwa sababu ni la Kabula. Na ule unga wetu? Hakuwahi kuuona.

Nilimsihi tuondoke wote. Akatikisa kichwa. "Nikitoka watasema nimekimbia, na shamba limekwenda. Chukua mtoto."

Kabula hakulia. Aliangalia nyuma mpaka nyumba ikapotea.

Nilipofika Bariadi nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Ester, na Kabula mgongoni. Nikamwomba twende kikundi kizima, hata kukaa tu pale uani, watu watuone. Akasema tusiharakishe, kwanza amwone mchungaji...

Jumamosi haikufika. Jioni moja, ng'ombe wakirudi zizini, watu wasiojulikana walimkuta Bibi Nkamba jikoni kwake, wakamuua kwa mapanga.

Mazikoni tulikuwa wachache. Aliyeongoza nyimbo ni Maduhu. Baada ya mazishi alinifuata, akamshika Kabula kidevu.

"Mtunze vizuri, mama," akaniambia kwa upole wake ule ule. "Watoto hupotea siku hizi."

Nilihama nyumba mara mbili kwa sababu ya maneno hayo. Walikamatwa watu, wakaachiwa, maana hakuna aliyekubali kwamba aliona. Msimu uliofuata Maduhu alilima lile shamba. Yupo mpaka leo. Tukikutana sokoni ananiamkia.

Mama Ester alikuja kwangu, akakaa chini sakafuni. "Nilidhani nalinda kanisa," akasema. Nilimsamehe, lakini kikundi kile hakikukutana tena.

Kabula sasa ni mama wa watoto. Ananiita mayu.

Wasomaji wenzangu, huruma ya Kikristo si mfuko wa unga. Unga unaweza kumpa mtu yeyote aufikishe. Kilichomlinda Bibi yule ni kuonekana kwamba ana watu, na sisi tulikiondoa kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja mwenye sauti nzuri. Nawasihi, mkisikia mjane amepewa jina baya, msizunguke njia nyingine. Ingieni kwake mchana kweupe, kila mtu akiona. Na mkishaketi, msiwe na haraka ya kuondoka.